Kitabu kikirudi, jina la msomaji lifutwe

Juni 14, 2016, muuza vitabu Lam Wing-kee aliachiwa arudi kwao Hong Kong baada ya kushikiliwa China Bara kwa karibu miezi minane. Aliachiwa kwa sharti. Achukue diski ya kompyuta yenye orodha ya wateja wa duka lake, Causeway Bay Books, kisha avuke tena mpaka na kuikabidhi kwa waliomtuma. Duka lenyewe lilikuwa dogo, la ghorofani, na lilijulikana kwa vitabu vinavyochokonoa siasa na maisha ya ndani ya vigogo wa Chama cha Kikomunisti, vitabu ambavyo Bara haviuzwi. Wasomaji wa Bara waliviagiza kimyakimya, naye Lam akiwatumia. Serikali haikuhitaji kuambiwa vitabu hivyo vinasema nini. Ilichotaka ni majina: nani aliagiza, aliagiza kipi, na kilipelekwa wapi.

Siku mbili baadaye, akiwa safarini kuelekea mpakani, Lam alishuka kwenye kituo cha treni cha Kowloon Tong, akawaza, akaghairi. Siku hiyohiyo aliwaita waandishi wa habari na kusimulia yote: alivyokamatwa akiingia Shenzhen Oktoba 2015, alivyofungiwa chumbani akilindwa usiku na mchana, na habari za wenzake wanne waliotoweka, mmoja akiwa Thailand na mwingine akiwa Hong Kong kwenyewe. Yule aliyechukuliwa Thailand, Gui Minhai, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2020. Lam alikimbilia Taiwan mwaka 2019, na mwaka uliofuata akafungua Taipei duka lenye jina lilelile.

Kisa hicho kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya uhuru wa kuchapisha, lakini kina upande mwingine. Kitabu kikipigwa marufuku kila mtu anajua, na mara nyingi kinapata wasomaji wengi kuliko kilivyokuwa nao. Orodha ya wasomaji haina makelele hayo. Inakaa kwenye diski au seva, haimsumbui mtu, mpaka siku mwenye nguvu anapoitaka. Na siku hiyo itasimulia mambo ya miaka mitano nyuma ambayo msomaji mwenyewe amekwishayasahau. Faragha ya msomaji haiwezi kuachwa ining'inie kwenye ujasiri wa mtu mmoja aliyeamua kushuka kwenye treni. Maktaba nayo ina orodha ya namna hiyo. Kitabu kikisharudi na faini ikishalipwa, maktaba haina sababu ya kuendelea kujua nani alikisoma. Haina sababu, basi isijue.

Wakutubi wa zamani walifanya hivyo bila hata kuliona kama suala la haki. Katika maktaba nyingi zilizofuata desturi za Uingereza, za Afrika Mashariki zikiwemo, kila kitabu kilikuwa na kadi ndogo iliyochomekwa kwenye mfuko wa karatasi ndani ya jalada. Mwanachama naye alipewa tiketi chache, kila moja kijimfuko cha karatasi ngumu chenye jina lake. Akiazima, mkutubi anachomoa kadi ya kitabu, anaitumbukiza kwenye tiketi ya mwanachama, anagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, na kuipanga tiketi ile kwenye trei. Kitabu kikirudi, kadi inarudi kitabuni na tiketi inarudi kwa mwenyewe. Trei haina habari tena. Kinachobaki ni safu ya tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa mbele, tarehe zisizo na wenyewe. Mfumo huo unaitwa Browne, kwa jina la mkutubi Mmarekani, Nina Browne. Mpelelezi aliyefika mwezi mmoja baada ya kitabu kurudi angeondoka mikono mitupu, hata kama mkutubi angekuwa na hamu kubwa ya kumsaidia.

Si kila mahali palikuwa hivyo. Shule nyingi zimetumia, na bado zinatumia, kaunta buku: jina, darasa, kitabu, tarehe, sahihi. Likijaa linatupwa kabatini, linaanzwa jingine. Kompyuta ilipoingia maktaba ilirithi tabia ya kaunta buku. Inaunganisha namba ya mwanachama na namba ya kitabu, na usipoiambia vinginevyo, kamba hiyo haikati.

Marekani ni mahali ambapo mvutano huu umekuwa wa hadharani, kwa hiyo ni rahisi kuona ulivyo. Katika miaka ya 1980 makachero wa FBI walipita kwenye maktaba za sayansi, hasa New York, wakiwauliza wahudumu kuhusu wageni waliofika kusoma, na zaidi raia wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1987 walifika Chuo Kikuu cha Columbia. Mkutubi Paula Kaufman aliwakatalia, na habari ikatoka nje. Mwaka huohuo gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya filamu 146 ambazo familia ya Jaji Robert Bork ilikodi kwenye duka la video, wakati Rais Reagan amempendekeza aingie Mahakama ya Juu. Hapakuwa na la aibu ndani yake. Hata hivyo wabunge waliingiwa na baridi, maana wao pia walikuwa wateja wa maduka ya video, na mwaka 1988 wakapitisha sheria ya kulinda siri za ukodishaji wa kanda. Muswada ule mwanzoni uligusa na kumbukumbu za maktaba. Sehemu hiyo iliondolewa njiani. Ndiyo maana katika sheria za shirikisho la nchi ile filamu ya kukodi ililindwa, na kitabu cha maktaba kikaachiwa sheria za majimbo.

Kisha ikaja Septemba 11, 2001. Sheria iliyopewa jina la Patriot ilitiwa saini Oktoba 26 mwaka huo, na kifungu chake cha 215 kiliipa FBI njia ya kwenda kwenye mahakama ya siri kuomba amri ya kuchukua kitu chochote kinachoshikika, vitabu na kumbukumbu vikitajwa waziwazi. Anayepewa amri hiyo anakatazwa kumwambia mtu. Wakutubi walipiga kelele nchi nzima. Mwaka 2003 Mwanasheria Mkuu John Ashcroft aliwakejeli kwamba wanawatia watu wahka wa bure, akasema kifungu hicho hakijatumika hata mara moja. Miaka 10 baadaye nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden zilionyesha kifungu kilekile kimegeuzwa lango la kukusanya, siku baada ya siku, kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja wa kampuni ya Verizon. Kosa la wakutubi lilikuwa kuota kidogo mno.

Tukio la Connecticut ndilo linaloonyesha hali inavyokuwa pale barua inapotua mezani. Julai 2005 makachero wawili wa FBI walimpelekea George Christian barua ya usalama wa taifa. Christian alikuwa mkurugenzi wa Library Connection, shirika dogo la mjini Windsor lililohudumia mifumo ya kompyuta ya maktaba zaidi ya 20. Barua ya aina hiyo haipiti kwa jaji. Ofisa wa FBI anaisaini mwenyewe. Ilitaka habari za aliyetumia kompyuta fulani ya maktaba, kwa anwani yake ya intaneti, katika dakika 45 za alasiri ya Februari 15, 2005. Zilikuwa zimepita siku nyingi tangu dakika hizo, na hakukuwa na namna ya kujua nani hasa alikaa kwenye kiti kile. Ilikuwa ni kuwaanika wote waliopita hapo.

Christian na wenzake watatu, Barbara Bailey, Peter Chase na Janet Nocek, walikwenda mahakamani. Kwa kuwa barua iliwafunga midomo, walishtaki kwa jina la kubuni, na kesi yao ilipokuwa ikisikilizwa mjini Bridgeport hawakuruhusiwa kuingia. Waliitazama kwenye televisheni wakiwa katika chumba cha jengo la mahakama mjini Hartford, walalamikaji waliofichwa wasionekane kwenye kesi yao wenyewe. Jaji Janet Hall aliamua Septemba 2005 kwamba amri ya kuwanyamazisha inakiuka katiba, lakini serikali ilikata rufaa, na midomo ikabaki imefungwa wakati Bunge likijadili kuihuisha sheria yenyewe. Ilihuishwa Machi 2006. Baada ya hapo, ndani ya wiki chache tu, serikali ikaona haina haja tena ya ukimya wao, na mwishowe ikaiacha hata ile barua. Watu wanne waliokuwa na la kuwaambia wabunge waliruhusiwa kusema wakati wabunge wamekwishapiga kura.

Ingekuwa barua moja, pengine watu wangesema ni bahati mbaya. Machi 2007 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo alitoa hesabu: kati ya 2003 na 2005 FBI ilitoa maombi 143,074 kwa njia ya barua za aina hiyo, mengi yakienda kwa kampuni za simu, intaneti na fedha. Waliothubutu kwenda mahakamani wanahesabika kwa vidole.

Kuna swali jingine ambalo wapenda orodha hawalipendi: orodha yenyewe inathibitisha nini? Mwaka 2000 polisi wa dawa za kulevya huko Thornton, Colorado, walivamia nyumba iliyotumika kutengeneza methi. Ndani wakakuta vitabu viwili vya kufundishia utengenezaji wa dawa hizo. Nje, kwenye taka, wakakuta bahasha tupu ya duka la vitabu la Tattered Cover la Denver, yenye namba ya ankara. Wakajumlisha: vitabu vile vimekuja na bahasha hii, na aliyevinunua ndiye mwenye kiwanda. Walifika dukani na hati ya upekuzi. Mwenye duka, Joyce Meskis, aligoma kutoa ankara na akaipigania kesi kwa miaka miwili, hadi Mahakama ya Juu ya Colorado ilipoamua Aprili 2002 kwamba katiba ya jimbo inalinda haki ya mtu kununua kitabu bila kujulikana, na kwamba polisi hawakuonyesha haja ya kutosha kuivunja. Baadaye, mteja akiridhia, ikajulikana kilichokuwa ndani ya bahasha. Kilikuwa kitabu kuhusu maandishi ya Kijapani.

Polisi wale hawakuwa wajinga. Walifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya, na jibu likawa la uongo. Anayesoma kuhusu sumu anaweza kuwa mtunzi wa riwaya, anayesoma kuhusu UKIMWI anaweza kuwa na ndugu mgonjwa, anayesoma kuhusu Ukomunisti anaweza kuwa na mtihani Jumatatu.

Kenya inaijua hesabu hiyo tangu kabla ya kompyuta. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 1977, polisi waliomkamata mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake Limuru walipekua rafu zake na kuondoka na vitabu, vya Marx na Lenin vikiwemo. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita kwa kosa la kupatikana na chapisho la uchochezi. Kuanzia 1986, katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, karatasi chache za gazeti la chinichini kama Pambana zilitosha kumpeleka mtu gerezani. Na kuna kichekesho cha Matigari, riwaya ya Ngũgĩ iliyotoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Kwa masimulizi ya mwandishi mwenyewe, taarifa za kijasusi zilifika kwamba wanakijiji wa Mkoa wa Kati wanamzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza ukweli na haki viko wapi. Amri ikatoka akamatwe. Polisi wakagundua kwamba mtuhumiwa ni mhusika wa kitabu, na mapema mwaka 1987 wakazunguka madukani kukusanya nakala.

Nakala walizipata. Waliokwisha kununua hawakuwapata, kwa sababu mnunuzi wa mwaka 1987 alitoa noti, akapewa chenji, akaondoka. Leo mnunuzi huyohuyo analipa kwa M-Pesa. Muamala unaacha jina, namba ya simu, saa na kiasi. Jina la kitabu halimo, kweli, lakini duka linayo kumbukumbu ya mauzo yenye saa na bei, na kuoanisha safu mbili za namba ni kazi ya mchana mmoja kwa karani mwenye subira. Laini ya simu nayo imesajiliwa kwa kitambulisho. Mwaka 2018 Tanzania, katika kanuni zake za maudhui ya mtandaoni, iliwataka wenye intaneti kafe kufunga kamera na kuhifadhi picha za yanayofanyika ndani. Kamera kama hiyo ingekuwa juu ya kompyuta ya Connecticut, aliyeikalia angejulikana kwa sura.

Anayesomea kwenye kifaa yuko wazi zaidi. Kindle ya kampuni ya Amazon inajua ukurasa msomaji alioishia na mistari aliyoipigia alama, na Amazon ilionyesha Julai 2009 kwamba mkono wake unafika mpaka ndani ya mkoba wa mteja: ilifuta kwa mbali nakala zilizokwisha kununuliwa, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki, na kati ya vitabu vyote duniani, vilivyofutwa siku hiyo vilikuwa Nineteen Eighty-Four na Animal Farm vya George Orwell. Kampuni iliomba radhi. Uwezo wenyewe haukuombewa radhi.

Anayepinga haya yote ana hoja nzito, ile ya ugaidi, na nchi zetu zinaijua kwa machozi. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Na ni kweli kwamba baadhi ya watekaji wa ndege za Septemba 11 walitumia kompyuta za maktaba ya umma huko Delray Beach, Florida. Je, mkutubi afiche?

Tazama ilivyojulikana huko Delray Beach. Mkutubi aliwatambua baada ya majina yao kutangazwa, akapiga simu polisi. Alitumia macho na kumbukumbu yake kuhusu tukio kubwa. Hakuna aliyelazimika kufukua orodha ya vitabu vya mji mzima. Polisi wakiwa na mshukiwa na sababu, waende kwa hakimu, wapate hati ya jina moja na jambo moja, na maktaba iwape kilichopo siku hiyo: anwani ya mwanachama, kitabu alichonacho sasa. Kinachopingwa hapa ni ghala la yaliyopita, linalowaweka wasomaji 10,000 wasio na kosa kwenye kabati moja wakisubiri mtu mmoja atafutwe. Uwepo wa ghala hilo pia unawafukuza watu mlangoni. Msichana anayetaka kusoma kuhusu mimba, au karani anayetaka kuelewa sheria za kazi kabla ya kumkabili mwajiri wake, hatatoa kadi yake ikiwa anajua kadi haisahau.

Sheria za kuanzia zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inaziweka habari za dhamiri na imani ya mtu kwenye kundi nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume ya kuisimamia. Zote zinadai kwamba taarifa zisikusanywe wala kuhifadhiwa kupita mahitaji ya kazi yenyewe. Zote pia zimeacha mlango wa usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana. Kwa hiyo ngao ya kweli iko kwenye lile sharti la kwanza: polisi hata wakiingia kwa mlango halali, hawawezi kutoka na kitu ambacho hakimo.

Na zana iko mezani. Maktaba kadhaa za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zinatumia Koha, programu ya bure iliyoanza kazi New Zealand Januari 2000. Ndani yake kuna sehemu ya faragha ambayo msimamizi akiiwasha, mwanachama anaweza kuchagua historia yake ihifadhiwe, ikae kwa muda uliowekwa na maktaba, au ifutwe mara kitabu kinaporudi. Mwenye kupenda kukumbuka alichosoma mwaka jana asinyimwe raha yake; achague mwenyewe. Jina likifutwa, uazimaji unahamishiwa kwa mwanachama asiye na jina, hivyo hesabu ya vitabu haipotei. Wizara na wafadhili wanataka idadi tu. Kazi ngumu kidogo iko kwenye nakala rudufu na kumbukumbu za ndani za mfumo, ambako majina hubaki baada ya kufutwa mbele ya macho, na fundi lazima aagizwe kuzisafisha kwa ratiba.

Agizo hilo linatakiwa litoke kwa bodi ya maktaba, kwa maandishi, likisema nini kinafutwa na baada ya siku ngapi. Tume ya Tanzania na ofisi ya kamishna wa data wa Kenya zingeweza kutoa mwongozo mmoja wa kurasa chache kwa maktaba zote, pamoja na kaunta buku za shule. Agizo la bodi litoke mapema. Mkutubi anayefuta kwa ratiba ya kawaida anatekeleza utaratibu wa ofisi. Akingoja mpaka barua ifike ndipo afute, ataitwa mharibifu wa ushahidi, na atasimama kizimbani peke yake.